Mlango Alioufungua Rama

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili baada ya adhuhuri

Kwako Dada yangu Mariamu,

Assalaamu alaykum, wewe na wote mnaolala chini ya bati moja na Mama.

Naanza na Mama. Mshike mkono kwa niaba yangu, ule wa kulia unaomsumbua, umwambie binti yake Zaina anamsalimu na bado anaisikia sauti yake kila akiosha mchele. Macho yake yanaonaje sasa? Yale matone aliyoandikiwa anayatia kweli, au anayaficha chini ya mto kama alivyofanya na vidonge vya presha? Wewe mwenyewe, dada yangu, u mzima? Nasikia miguu inakuvimba ukisimama sana, tafadhali kaa chini, hao samaki watauzika na wewe umekaa. Shemeji Hamisi nampa pole kwa mgongo. Awaachie vijana mizigo, alikwisha beba sehemu yake. Asha kama amejifungua salama mniambie ni nani, wa kike au wa kiume, na amefanana na upande upi. Idi mwambie mama yake mdogo hajasahau ahadi ya viatu vya mpira, ni njia tu ndiyo inayokosekana. Mjomba Saidi bado analala na redio sikioni? Na jirani yetu Mama Kibibi, mpe salamu zangu siku atakapokuja kuomba chumvi, yaani leo hii hii.

Nimerefusha salamu, Dada, kwa sababu nikizimaliza itanibidi niseme lile lililonikalisha chini.

Utashangaa kuona karatasi siku hizi. Lakini simu yako iko mikononi mwa Idi, na sauti ya WhatsApp hapo uani husikilizwa na kila mtu, na Mama ndiye wa kwanza kutega sikio. Juzi nilipiga, Idi akapokea, nikamsikia Mama nyuma yake akisema ni Zaina huyo, nipeni niseme naye. Nikaishia kuuliza habari za mvua. Halafu kuna mambo ya baba yake Rama, ambayo tulikubaliana toka zamani kwamba hayapiti kwenye simu. Basi nimempa barua hii Bwana Jumaa, yule mtu wa Buyenzi anayeuza mitumba hapa Rosettenville, anakuja kumuuguza baba yake. Ataitia mkononi mwako wewe, si kwa mtu mwingine. Isome peke yako kwanza. Unajua mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mahali ambapo maneno hayakukaa vizuri, yasome kana kwamba ninasema.

Sisi huku tunaishi. Salma amekuwa mrefu, sketi ya shule imepanda juu ya magoti. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa chote na ananijibu Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu tupu, mpaka mimi mama yake nasimama kama mgeni. Bado nauza sambusa na chapati Doornfontein, karibu na karakana za cherehani, pale wanafunzi wa chuo wanapopita. Ile kazi ya kufua na kufagia kule Kensington imekwisha. Yule mama mzee niliyekuwa namfanyia ameuza nyumba akawafuata watoto wake ng'ambo. Alinipa mapazia yake. Maji yanakatika hapa wiki hadi wiki, tunayachota kwenye bomba la kanisa. Salma alipokohoa mwezi uliopita nilimpeleka kliniki, nikakuta getini wamesimama watu wenye fulana za rangi moja. Si wauguzi hao, si askari, ni raia tu, nao wanauliza kila mtu kitambulisho cha nchi hii kabla hajamfikia muuguzi. Mwenye karatasi ya ukimbizi kama mimi anaambiwa arudi kwao. Nikarudi nyumbani, nikamchemshia tangawizi. Alipona, alhamdulillahi. Hiyo ndiyo hali, sikuambii ili ulie.

Sasa Rama.

Nilikuachia mwanangu hajaota ndevu, nikaja huku nikijua nitamwita baada ya muda mfupi, na muda mfupi wenyewe ndio huo umekula ujana wake wote. Wewe na Mama ndio mliomlea, kila kilicho kizuri kwake kimetoka katika nyumba hiyo. Unakumbuka alivyoondoka na wenzake kwa ndege wakati ule Serbia ilipokuwa haiwadai watu wetu visa, wakatoka huko kwa miguu, na nyumba nzima ikabana pumzi mpaka alipopiga simu kutoka Ubelgiji akisema amefika, ila vidole vya miguu havina kucha. Ninyi mlijua habari mpaka hapo. Yaliyofuata aliniomba nisimwambie Bibi yake, nami nikanyamaza.

Ni kwamba walimkatalia. Aliomba hifadhi wakasema hapana, akaomba tena wakasema hapana tena. Akalala stesheni ya treni. Halafu akampata mama mmoja wa Kizungu, mjane, anaitwa Madamu Odile, akampa chumba juu ya jiko lake bila kumdai kitu. Niliongea naye kwa simu. Mimi Kifaransa changu ni cha kununulia mkate tu, kwa hiyo alinitafsiria Mama Furaha. Huyu Mama Furaha ni Mkongo wa Uvira, anasuka nywele katika chumba kinachotazama barabara, mlango wa tatu kutoka kwangu. Yule Madamu akaniambia mwanao anaosha vyombo bila kuambiwa, na akiingia mtu yeyote anasimama kumpisha kiti. Nikajisikia fahari, Dada. Nikasema moyoni, hiyo ni kazi ya Mama yetu.

Wakati huo ndipo mambo ya bunge lao yalipoanza. Utaniuliza Zaina na bunge la Ubelgiji wapi na wapi. Hata mimi nilijiuliza. Lakini mtu mwenye mtoto mahali hujikuta ana bunge mahali hapo pia. Ilikuwa hivi: serikali ya huko ilileta sheria kwamba polisi waweze kuingia ndani ya nyumba ya mtu, wakimtafuta asiye na karatasi, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni anakataa. Maana kwa sheria iliyopo, ukikataa, na wao hawana ruhusa ya hakimu, hawaingii. Wanasimama nje. Polisi wenye bunduki, Dada, wanasimama nje kwa sababu umesema hapana. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilifikiri Mama Furaha ametafsiri vibaya.

Basi wakabishana. Tulikuwa tunatazama kwenye simu yake, ameiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele, yeye anasuka huku anatafsiri. Alisimama mwanamume mmoja akasema serikali isiyoweza kuvuka kizingiti cha mvunja sheria si serikali, ni mpangaji tu katika nchi yake. Upande wake wakapiga meza. Akasimama mwanamke akasema serikali yoyote ile, nzuri na mbaya, lazima iwe na mahali inapoishia, na mahali penyewe ni mlangoni kwa mtu, maana leo inamtafuta mgeni, na siku ikishazoea kuingia haitakumbuka tena ilikuja kumtafuta nani. Upande wake nao wakapiga meza. Siku nzima. Dada mmoja aliyekuwa anasukwa akasema hawa watu wana muda jamani, wanajadili mlango toka asubuhi na hata chai hawajanywa.

Mama Furaha akamwambia, hiyo ndiyo liberte. Nikamuuliza kwa Kiswahili ni nini. Akasema ni uhuru. Nikamwambia uhuru ninaoujua mimi ni ile siku ya gwaride, tumesimama juani na sare za shule, askari wanapita mpaka mtoto mmoja anazimia. Alicheka hadi kitana kikamponyoka. Akasema, "Mama Rama, wenzako huo uhuru wanao mpaka kwenye kitasa cha mlango."

Toka siku hiyo nikawa kama wanaume na mpira. Nilikuwa na upande wangu. Nikitoka kuuza napita kwa Mama Furaha kabla sijafika kwangu, namuuliza wamefikia wapi. Wakiahirisha kura, nafurahi. Kikipunguzwa kipande cha sheria, napika pilau, na Salma ananiuliza leo ni sikukuu ipi. Yule mwanamke wa bungeni nilimwombea dua kwa sura yake, jina lilinishinda kulitamka. Nilijiona nina mtetezi mahali pakubwa, mimi ambaye hapa sina wa kunitetea hata kwenye geti la kliniki.

Rama naye alinipa habari za kwake. Madamu Odile alikuwa anatoka barabarani na wenzake, wazee watupu, wamebeba mabango ya kusema nyumba zao si vituo vya polisi. Na alimfundisha Rama. Alimwambia, wakigonga usifungue. Sema nao mlango ukiwa umefungwa, uwaambie hapana, basi. Maadamu umesema hapana, sheria iko na wewe. Hata mazoezi walifanya. Bibi wa watu anatoka nje kwenye baridi, anafunga mlango, anagonga, na Rama ndani inabidi aseme hapana. Rama akanisimulia kwamba kila Madamu akigonga, mkono wake yeye Rama ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kitasa, na Madamu huko nje akikisikia kitasa anaanza kucheka. Tukacheka sote kwenye simu. Nilimwambia umekuwa mtoto wa Bibi yako mpaka kwenye vidole.

Dada, sikujua ninacheka nini.

Ilikuwa asubuhi, Madamu Odile amekwenda kwa daktari wa macho. Mvua inanyesha. Ukagongwa mlango. Rama alijua, anasema alijua papo hapo kwamba ni polisi, akaenda akasimama nyuma ya mlango ili aseme hapana kama alivyofundishwa. Wakamsalimu. Mwanamume na mwanamke, vijana wa umri wake, wakamwita bwana, kwa sauti ya chini, wakamuuliza hajambo. Yule mwanamke alikuwa anakohoa. Kwenye mlango kuna kioo kidogo, akamwona analowa. Wakamuuliza, wanaweza kuingia kidogo?

Nakuandikia maneno yake kama alivyonipa: "Mama, nilikuwa na ile hapana mdomoni. Lakini walikuwa wamesalimia. Nikamsikia Bibi akisema, Rama, unamwachaje mtu kwenye mvua. Nikafungua. Nikawaambia karibuni."

Aliwapa viti. Akateleka maji, akawatengenezea chai ya tangawizi na maziwa, kama ya kwenu hapo. Wakanywa. Yule mwanamke akamuuliza chai nzuri namna hii amejifunza wapi. Naye akamwambia, kwa Bibi yangu, Bujumbura, Buyenzi. Wakamuuliza jina akawapa. Jina la Bibi akawapa. Avenyu, mtaa wenyewe, akawapa. Hakuna alichoficha, maana unamfichaje kitu mtu anayekunywa chai yako? Walipomaliza yule mwanamume akasimama, Rama anasema alikuwa hamtazami usoni, akamwambia achukue koti. Na yule mwanamke, sikiliza hili, alisuuza kikombe chake kwanza, akakiinamisha pembeni mwa sinki, ndipo wakaondoka naye.

Madamu Odile alikuta vikombe vitatu.

Akatafuta avoka, mwanasheria, tena mzuri. Wakaenda kwa hakimu. Hakimu akauliza, walivunja mlango? Hapana. Walimsukuma? Hapana. Waliingia kwa nguvu? Rama akasema hapana, niliwakaribisha mimi. Avoka alimpa jicho, lakini ameshasema. Hakimu akasema basi, sheria yote hii nchi inayoigombania inamlinda aliyekataa, na huyu hakukataa. Imekwisha hapo. Na ujue, Dada, ile sheria mbaya haijapita hata sasa. Bado wanabishana. Mlango wa nchi ile umesimama kama ulivyokuwa, wakubwa wameushikilia kwa mikono yote, na mwanangu akaufungua kutoka ndani kwa sababu watu walimsalimia vizuri.

Madamu Odile alinipigia. Alianza kusema, halafu Mama Furaha akaacha kutafsiri, simu iko sikioni. Nikamwambia tafsiri. Akasema, "Analia tu, Mama Rama, hamna la kutafsiri."

Sasa amefungiwa mahali karibu na uwanja wa ndege. Si jela, wanasema, ila hatoki. Anaruhusiwa simu. Anasikia ndege kutwa, anasema amejua kuzitofautisha inayokwenda na inayorudi. Hana hasira na mtu, na hilo ndilo linaloniua. Ananiuliza Bibi hajambo. Juzi aliniuliza, "Mama, nilikosea kuwapa chai?" Nikamwambia hapana, mwanangu, hukukosea. Ningemwambia nini? Nimwambie kile alichofundishwa na watu watatu wanaompenda duniani ndicho kilichomfunga?

Nimelala na kuamka na mawazo ya baba yake. Wewe ulikuwepo. Ilikuwa baada ya alasiri, mimi naanika nguo, wakaja na gari safi, wamevaa vizuri. Wakapiga hodi. Wakauliza watoto wazima? Baba Rama akasema karibuni, kaeni, akanigeukia niongeze maji kwenye chai. Wakasema hawakai, wana neno moja tu naye hapo nje. Akavaa ndala zake akatoka nao. Akaniambia naja. Sijui kama Rama alikuona ukimwaga ile chai baadaye. Mimi nilikuona.

Na sisi baada ya hapo hatukubadilika. Mama aliendelea kusema karibu kwa kila aliyebisha, na mimi sikumwambia aache, maana tungeishije katika nyumba isiyosema karibu? Ingekuwa kaburi.

Nikupe habari nyingine ndipo nikuombe ninachotaka kuomba. Wiki iliyopita wale watu wa fulana walipita mtaa wetu huu wa La Rochelle. Walikuwa wanagonga mlango kwa mlango, wanauliza nani anakaa hapa na ametoka wapi. Mimi nilikuwa ndani, mikono imejaa unga. Salma akaenda mbele yangu, akasimama nyuma ya nondo za mlango, akawaambia kwa Kizulu chake kizuri kwamba mama hayupo, amekwenda kazini, na yeye haruhusiwi kufungulia watu. Nilikuwa nyuma ya pazia, Dada, lile la Kensington, karibu kiasi cha kumgusa kichwa. Wakamsifu kwa Kizulu chake, wakaenda mlango wa pili. Zamani aliwahi kumdanganya mtu wa mwenye nyumba hivyo hivyo, nikamchapa, nikamwambia sisi kwetu hatuwakatai watu mlangoni. Safari hii nilimkalisha, nikamkaangia chipsi. Akaniuliza, "Mama, hunichapi?" Nikamwongezea chipsi. Ni mtoto wa mji huu, mji ndio uliomfundisha.

Ninachotaka ni hiki.

Avoka amesema limebaki jambo moja. Hawawezi kumpandisha ndege mpaka nchi yetu ikubali kwamba huyu ni mtu wake. Rama pasi hana, aliipoteza njiani. Lakini amewapa jina na avenyu, na jina la Bibi. Kwa hiyo watatumwa watu waje hapo kwenu waulize. Avoka anasema nyumba ikisema hatumjui, mambo yanakwama, yanaweza kukwama hata mwaka, na wengine wakikwama hivyo huachiwa. Nyumba ikisema ni wetu, anarudishwa. Na jina la baba yake wataliandika pembeni mwa lake. Waliokuja na lile gari safi hawajafa, Dada, wala hawajahama. Wewe mwenyewe uliniambia unapishana nao sokoni.

Watakuja vizuri. Hawatakuja kwa fujo. Watavua viatu, watampa Mama shikamoo, watauliza afya yake na macho yake. Watatoa picha. Watauliza, bibi, huyu unamjua?

Nakuomba Mama aseme simjui.

Nimeandika maneno hayo nikaenda kunywa maji nikarudi, bado yapo. Sijui utamwambiaje. Nimejaribu kuandika hapa namna ya kumwambia, nimechana karatasi mbili. Ninajua atakachofanya. Ataisogeza ile picha puani kwa sababu haoni, halafu ataibusu. Atasema huyu ni Rama wangu, mbona amekonda, ingieni ndani mle. Ataona wamemletea habari njema. Wewe si uliniandikia kwamba kila siku anaomba asife kabla hajamshika tena yule mtoto? Sasa mimi ndiye nakwambia umzuie asimshike. Mimi mtoto wake.

Nilifikiri mumpeleke kwa Mjomba Saidi, Rumonge, akae huko mpaka waje waende. Halafu nikakumbuka Mama halali nje ya nyumba hiyo toka siku aliyotoka Baba Rama, asije akarudi akakuta pamefungwa. Basi fanya unachoweza. Ile picha ya Rama na kanzu ya sikukuu iliyopo ukutani iteremshe, useme kioo kimepasuka. Asha na Idi waambie. Mama Kibibi mpe chumvi mfuko mzima, umwombe kwa Mungu anyamaze. Na ikiwezekana ukae wewe mlangoni, Dada, wao wakija wakukute wewe kwanza. Miguu yako inakuuma najua. Kaa na kiti.

Na kama utaona huwezi, na kama utaniambia Zaina, mtu hawezi kumwambia mama yake amkane mjukuu, mimi sitakulaumu. Nikijiweka mahali pako sioni kama ningeweza. Sina tumaini kubwa, nisikudanganye. Bwana Jumaa anakuja kwa basi, na njia ni ndefu, na wale wanatumia simu na kompyuta. Labda unasoma haya na wameshakunywa chai wameondoka.

Kule bungeni bado wanaendelea. Jana nilipita kwa Mama Furaha, simu iko pale pale kwenye kopo la mafuta. Alikuwa anasema mzee mmoja, mvi tupu, anasema maneno mazuri sana juu ya nyumba na uhuru wa mtu, hata Mama Furaha aliacha kusuka. Mteja akaomba wabadilishe waweke muziki. Mama Furaha akanitazama mimi. Nikasema weka tu.

Nifikishie salamu. Mjomba Saidi aniombee dua, yeye ana ulimi wa dua kuliko sisi sote. Shemeji Hamisi umsomee barua hii wewe mwenyewe akiwa ametulia, ni mtu wa siri, tutamhitaji. Mpwa wetu Asha mwambie mtoto wake mchanga ana bibi wa Johannesburg anayempenda bila kumwona, maana siku hizi ndiyo namna pekee ninayoijua ya kupenda watoto. Mama mpe salamu ila usimpe barua.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukuelemea kila siku,
Zaina, Mama Rama

Dada, jibu upesi. Usingoje Bwana Jumaa arudi, mwambie Idi anitumie maneno machache tu, hata bila salamu. Niambie kama wamekuja. Na kama wamekuja, niambie Mama alisema nini mlangoni.